Ufupisho wa Dharau

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Redio alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeitaka. Alivuta kigoda, akakaa upande wa kulia wa bibi yake, akasogeza mdomo karibu na sikio, akaanza kupiga kelele. Sikio la kushoto la bibi lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilikuwa hai kidogo tu, na ili neno lipite humo ilibidi lisukumwe. Basi Redio alisukuma: taarifa ya habari iliyosomwa muda huo, jirani aliyegombana na mwenye nyumba wake, nani amejifungua na nani amehama. Bibi alisikiliza huku akishona kwa cherehani yake ya mkono. Akichoka aliinua kiganja, na kiganja kikishainuka habari zimekwisha, hata kama Redio alikuwa katikati ya sentensi.

Jina la Redio alilipata kwa kazi hiyo, na alilipenda. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na tayari ameshaamua kwamba dunia imejaa watu wasiojua kitu. Wanafunzi wenzake aliwaona mbumbumbu. Mvulana mmoja waliyemwita Kijiti, aliyekuwa akimaliza kazi zake mapema kwa mwandiko mdogo uliobanana, Redio alimwona bahili wa maneno. Hata walimu aliwapima, na wengi wao hawakufikia kiwango. Alikuwa na namna ya kubinua mdomo ambayo mama yake aliikemea mpaka akachoka. Mtoto wa umri ule kuwa na dharau kiasi kile ni kichekesho, ila yeye mwenyewe hakujua kuwa ni kichekesho.

Kilichompa kiburi ni insha. Redio aliandika insha ndefu kuliko mtu yeyote darasani. Jua halikuchomoza katika insha zake bila kutajiwa rangi zake zote, na mtu hakufungua mlango bila mlango wenyewe kuelezwa ulitengenezwa kwa mbao gani. Mwalimu wa mwaka uliopita alimsifu na kumsimamisha asome mbele ya wenzake, nao wakapiga miayo kwa heshima. Kisha akaja mwalimu mpya wa Kiswahili, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, naye akaja na ufupisho.

"Someni habari hii yote," alisema siku ya kwanza. "Halafu mniambie jambo kuu na yale yanayolibeba. Kwa maneno yenu wenyewe, yasiyozidi sitini."

Redio aliandika ukurasa mzima, kwa sababu aliona sitini ni idadi ya watu wasio na la kusema. Mwalimu alihesabu maneno sitini, akachora mstari mwekundu, na yaliyobaki chini ya mstari hakuyasoma. Juu ya mstari kulikuwa na asubuhi tulivu na ndege wakiimba, basi. Redio alipata mbili kwa kumi. Kijiti alipata tisa.

"Ufupisho ni kazi ya wavivu," Redio aliwaambia wenzake wakati wa mapumziko, kwa sauti ambayo Kijiti hakuweza kukosa kuisikia. "Mtu kajichosha kuandika, wewe kazi yako kukata. Hata panya anaweza kukata."

Wenzake wakacheka, kichwa kikamvimba, akaamua kumkomoa mwalimu. Zoezi la wiki iliyofuata lilihusu mvua kubwa iliyonyesha usiku kucha. Mto ulifurika, daraja pekee la kwenda hospitali likasombwa, na watu wakaelekezwa kupita njia ya mlimani mpaka lijengwe jingine. Redio aliisoma habari yote, akaielewa, akaandika maneno mawili: Mvua ilinyesha. Akafunga daftari na kukunja mikono. Hakukosa akili mtoto yule. Alikosa adabu, na alidhani akili na utovu wa adabu ni kitu kimoja.

Siku hiyo hiyo, alasiri, bibi alikuwa na miadi hospitali.

Bibi alikuwa fundi wa nguo tangu kabla mama yake Redio hajazaliwa, na miezi ya karibuni mishono yake ilikuwa imeanza kupinda. Alilaumu uzi. Alipomaliza kulaumu uzi akalaumu taa, kisha dirisha, kisha kiwanda kilichotengeneza sindano. Mteja mmoja alirudisha suruali ambayo mfuko wake ulishonewa upande usiokuwa wake, na wengine wakaanza kwenda kwa fundi wa nyumba ya tatu, ambaye bibi alisema hawezi kushona hata gunia la mkaa. Aliyasema hayo kwa ukali, lakini wateja wakishaondoka alikuwa akikaa mbele ya cherehani bila kuigusa. Bila kushona hakujiona mtu. Alisema hivyo waziwazi, na nyumba nzima ilijua.

Mama, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, aliomba ruhusa awapeleke. Walipofika, ilibidi akapange foleni ya kutafuta faili la bibi kwenye dirisha la mwisho wa korido. Zamu ya bibi ikafika mama akiwa bado kwenye foleni, kwa hiyo aliyeingia naye kwa daktari ni Redio.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alimulika macho ya bibi, kisha akachora jicho kwenye karatasi na kumgeukia Redio, kwa kuwa alishaambiwa kwamba bibi hasikii.

"Bibi yako ana mtoto wa jicho," alisema. "Yuko kwenye macho yote mawili, ila la kulia limezidi. Ndani ya jicho kuna lenzi inayopitisha mwanga. Ya kwake imeingia ukungu, kama kioo cha dirisha kikipata mvuke. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kuuondoa. Tutatia ganzi asisikie maumivu, tutapasua sehemu ndogo sana, tutatoa ile lenzi yenye ukungu na kuweka nyingine safi, ya plastiki. Ni kazi ya muda mfupi na ataenda nyumbani siku hiyo hiyo. Wengi wanaona vizuri baadaye. Akiliacha, ukungu utazidi mpaka asione kabisa. Mimi nimekuja kwa wiki hii tu, na siku yangu ya mwisho ya upasuaji ni Ijumaa. Kurudi tena ni mwakani. Mweleze taratibu, halafu uniambie kama anakubali."

Redio alisikiliza yote. Hilo lieleweke: alisikiliza na akaelewa. Lakini bado alikuwa anajichekea moyoni kwa yale maneno mawili aliyomwachia mwalimu, na alimwona daktari kuwa mpayukaji tu, mtu wa kuchora macho kwenye karatasi mbele ya watu wenye haraka zao. Si wanapenda ufupi, aliwaza. Basi wataupata. Akainama sikioni.

"Bibi! Watalipasua jicho lako, watatoa kilichomo ndani, wataweka plastiki!"

Hakuna neno moja la uongo humo. Kila kitu daktari alikuwa amekisema.

"Plastiki?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwani mimi ndoo?"

Muuguzi aliyekuwa mlangoni aliangua kicheko, na Redio akajiona kafanya jambo. Bibi alisimama akapapasa fimbo yake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini mdomo haukupungukiwa.

"Mwambie asante. Jicho langu ni bovu, lakini ni jicho. Plastiki akaiweke jikoni kwake."

Daktari alimtazama bibi, kisha Redio. "Umemweleza kwamba ataona? Umemwambia hatasikia maumivu?"

"Nimemweleza," alisema Redio. Huo sasa ulikuwa uongo mtupu, na ulimtoka bila hata kukwaruza koo.

Nyumbani mama alijaribu kumbembeleza bibi, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bibi hakutaka kusikia. "Usinifokee, hukuwepo," alisema. "Aliyekuwepo ni huyu. Huyu ndiye sikio langu, na sikio langu limeshaniambia." Mama alimgeukia binti yake amwulize daktari alisemaje hasa, na Redio akabinua mdomo akasema kwamba bibi ni mkaidi tu. Ni vigumu kumtetea hapo, na wala sitajaribu.

Kesho yake mwalimu alirudisha madaftari. La Redio alibaki nalo mkononi.

"Simama. Hii ni nini?"

"Ufupisho, mwalimu. Ulitaka maneno machache."

Darasa lilicheka. Mwalimu akangoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Ni kweli mvua ilinyesha," alisema. "Sasa tuseme yuko mtu ambaye hakuisoma habari yenyewe na hana pa kuipata. Ana maneno yako mawili tu, na ana mgonjwa wa kumpeleka hospitali. Atapita wapi?"

Redio alilitazama daftari lake mkononi mwa mwalimu.

"Atapita njia aliyoizoea, mpaka mtoni. Wewe ulijua kwamba daraja halipo, ukanyamaza kwa sababu una hasira na mimi. Mimi habari yote ninayo hapa mezani. Hukunikomoa kitu. Uliyemkomoa ni yule asiyekuwa na kitu kingine ila maneno yako." Alimwekea daftari mezani, taratibu. "Kaa. Unanichosha."

Redio alitaka kubinua mdomo, mdomo ukakataa. Hakumfikiria tena mwalimu. Alimfikiria mtu mmoja asiyekuwa na kitu kingine ila maneno yake, na mtu huyo hakuwa wa kwenye zoezi.

Aliporudi nyumbani alimkuta bibi akihangaika kutunga uzi. Uzi ulipita kushoto mwa tundu la sindano, ukapita kulia, ukapita tena kushoto. Redio alimtungia. Bibi alizungusha gurudumu la cherehani, bila kuona akausukuma mkono wake chini ya sindano, na sindano ikapita kwenye nyama ya kidole. Hakupiga kelele. Alikinyonya kidole, akatazama doa la damu kwenye kitambaa cheupe cha mteja kwa macho yasiyoliona vizuri, akasema taa za siku hizi ni mbovu. Redio aliona aibu.

Akavuta kigoda palepale aanze kurekebisha. Lakini hakujua kurekebisha ila kwa namna moja, ile ya insha. Alianza na korido ya hospitali, akaja kwenye chumba, akaeleza taa ya daktari, mchoro, lenzi ilivyo, mwanga unavyopita. Hajafika hata kwenye ukungu, kiganja cha bibi kikainuka.

"Unanihubiria?" bibi aliuliza. "Sikio linaniuma. Nenda kaoshe vyombo."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi, wakati wa mapumziko, Redio alifanya jambo ambalo lilimwia gumu kuliko kupata mbili kwa kumi. Alimfuata Kijiti nyuma ya darasa, alikokuwa akila peke yake, akamweleza yote.

Kijiti alitafuna mpaka akameza. "Leo unataka kufundishwa na panya?"

"Nisamehe."

"Sijasema nimekusamehe. Nimeuliza."

"Ndiyo," alisema Redio. "Nataka."

Kijiti alimtazama kwa dharau safi, ile ambayo Redio mwenyewe angeijua popote, kwa kuwa alikuwa ameigawa darasani kwa ukarimu. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtoto mbaya, akamjibu. "Mimi huwa naanza na yule atakayesikia. Akishasikia, anatakiwa kufanya nini? Bibi yako anatakiwa kuamua. Sasa anaogopa nini?"

"Kupasuliwa jicho."

"Anataka nini?"

"Kushona."

"Na akikataa?"

"Atapofuka."

"Basi si hayo? Mchoro wa nini?" Kijiti alifuta mikono kwenye kaptura. "Lile la plastiki ulilichagua kwa sababu linachekesha. Hukulichagua kwa sababu linamfaa."

Jioni Redio alikaa tena kwenye kigoda. Safari hii alianza na kile ambacho hakikuwa kwenye maneno ya daktari hata kidogo, kwa sababu bila hicho yaliyobaki yasingeaminika.

"Bibi! Juzi nilikudanganya kwa kukata maneno ya daktari!"

Cherehani ilisimama.

"Jicho lako lina ukungu! Watatoa ukungu, jicho litabaki! Hutasikia maumivu! Ukikubali utashona tena, ukikataa utapofuka! Mwisho ni kesho!"

Akaishia hapo. Kulikuwa na mengi mengine ya kusema na ulimi ulimwasha, lakini aliubana. Kiganja cha bibi kilikuwa bado kimelala mezani.

"Na plastiki?" bibi aliuliza mwishowe.

"Kioo kidogo, kama cha miwani! Kinakaa ndani badala ya nje!"

"Kwa nini hukusema hivyo juzi?"

Redio alisogea karibu zaidi. "Nilimkasirikia mwalimu! Hasira nikakumalizia wewe!"

Mama, aliyekuwa akipika, alikuwa ameacha mwiko ndani ya sufuria na kuja mlangoni. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda, au alitazama upande ambao sauti ilitoka.

"Siku mbili nimelala nikiwaza watu wanavyochokoa jicho langu kwa kisu," alisema bibi. "Siku mbili. Nawe unakula hapa, unalala hapa, unaniona." Hakupandisha sauti. "Una maneno mengi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na ulipohitajika uliokota ya kuchekesha watu. Toka mbele yangu. Mwambie mama yako anitolee nguo ya kesho."

Ijumaa bibi alipasuliwa. Alirudi nyumbani jioni ile ile na bandeji jichoni, akilalamika kwamba muuguzi alivaa koti lililoshonwa vibaya mabegani. Mama aliuliza amejuaje, kwa jicho moja bovu. Bibi akasema amelishika.

Jumamosi asubuhi walirudi wote watatu, bandeji ikafunguliwa. Bibi alifumba jicho, akafumbua, akafumba tena. Akautazama ukuta, akamtazama daktari, akakitazama kitambaa cha meza mpaka kwenye pindo. Machozi yalimtoka, akasema ni ya dawa. Daktari akaanza kueleza masharti, naye, kama kawaida yake, alieleza sana: dawa ya matone na jinsi ya kuiweka, kuinama, kubeba mizigo, kunawa uso, vumbi, jua, kulala upande gani, lini arudi na amwone nani.

Mama alikuwa amekaa upande wa kulia, karibu na sikio. Angeweza kusema yeye. Lakini bibi alimgonga bega asogee, akamwonyesha Redio kidole akae pale.

Redio alikaa. Kabla ya kuinama sikioni alimgeukia daktari. "Daktari," aliuliza, "akisahau yote, ni lipi ambalo asilisahau?"

Daktari alifikiri. "Matone asiyakose hata siku moja. Asilisugue jicho. Asiiname wala kubeba kitu kizito mpaka tumwambie. Na likianza kuuma au kuona vibaya, aje siku hiyo hiyo, asingoje miadi."

Redio akainama sikioni, akayasema hayo manne kwa mpangilio huo, kwa sentensi fupi, bila chumvi. Bibi aliitikia kwa kichwa kila moja. Yalipokwisha hakumshukuru. Alimgeukia mama.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, Mama," alijibu mama, akiitikia kwa kichwa ili aonekane.

Redio alihisi uso unawaka. Bibi aliliona hilo vizuri kabisa, kwa jicho lake jipya, na hakujifanya hajaliona.

"Unaona vibaya nikiuliza," alisema. "Sikiliza, wewe mtoto. Mimi siwezi kukukagua. Uliyoyaacha siyajui, nayajua yale tu uliyonichagulia. Kufupisha ni kumchagulia mtu, na mtu unayemdharau huwezi kumchagulia vizuri, hata uwe na akili namna gani. Mwalimu wako anakufundisha kazi ya watu wazima, nawe unamchezea."

"Sitarudia, Bibi!"

"Ninajua hutarudia. Lakini nitaendelea kumwuliza mama yako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke kuuliza," alisema bibi, akashika fimbo yake, akatangulia mlangoni.